Mkanda Hauna Njia ya Mkato

Msimu wa harusi wa mwaka huu umenirudisha kwenye kazi niliyodhani nimeshaiaga. Kamati za harusi siku hizi zina mtindo mpya: kabla maharusi hawajaingia ukumbini, wageni waonyeshwe vipande vya harusi ya wazazi wao. Projekta ya kukodi ipo, kitambaa cheupe kipo, kinachosumbua ni picha zenyewe. Mtoto wa dada yangu, anayeniita mama mdogo, naye anaoa. Dada akatoa DVD niliyoichoma mwenyewe mwaka 2007, yenye harusi yake ya miaka ya 1990. Kompyuta mpya ya kijana haina hata mahali pa kuingizia diski. Tukaazima ya jirani, ya zamani kidogo. Ikaizungusha ile diski, ikakoroma, ikanyamaza. Bahati nzuri mkanda wenyewe haukutupwa.

Tangu habari hiyo isikike, simu zimekuwa haziishi. Fulani ana mikanda ya marehemu mumewe, fulani ana diski haifunguki, na wote wananiuliza swali moja: mashine gani inafaa? Nawajibu kuhusu mashine kwa sababu ndiyo waliyoiuliza. Lakini miaka niliyokaa mbele ya mashine hiyo ilinifundisha kwamba yenyewe ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Mkanda unahama kwa sababu kuna mtu amekubali kukaa nao mpaka mwisho.

Nilianza mwaka 2005, nikiwa nimetoka kumaliza kozi ya kompyuta, katika studio ya picha mitaa ya Ngamiani, Tanga. Mwenye studio alikuwa mpiga picha wa enzi za chumba cha giza. Aliona kazi ya kusafisha filamu inakufa mikononi mwake, akanunua kompyuta, kadi ya kunasia video na kifaa cha kuchomea diski, akabandika tangazo kwenye kioo: tunahamisha mikanda ya video kwenda DVD. Vifaa vilikuwa vyake. Kukaa mbele ya vifaa hivyo, kutwa na wakati mwingine usiku, kukawa kwangu.

Wateja hawakukosekana, na sababu yake iko kwenye historia yetu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Tanga deki ya video ilitangulia kuingia kabla ya kituo cha kutazama. Ililetwa na mabaharia, ililetwa na ndugu waliokuwa Muscat na Dubai, na mara nyingine ililetwa pamoja na kamera. Watu wengi walijiona wenyewe kwenye kioo cha televisheni kabla ya kumwona msoma habari. Mikanda ya VHS, ambayo kampuni ya JVC ya Japani iliitoa mwaka 1976, ikawa ndiyo daftari la harusi, maulidi, hitima na safari za uwanja wa ndege kusindikiza mahujaji.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakuwa na mkanda wa video Tanga. Ndani ya lile boksi jeusi kuna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, na ule wa saa tatu una urefu wa zaidi ya mita 250. Utepe umepakwa chembe za oksidi ya chuma zilizoshikwa na gundi, na picha imo kwenye sumaku ya chembe hizo. Unyevu wa pwani unaishambulia gundi, halafu ukungu unaota juu yake. Kwa hiyo jambo la kwanza ukipokea mkanda si kuusukumiza kwenye deki. Unaugeuza kwenye mwanga na kuchungulia kidirishani uone kama kingo za utepe ni nyeusi tupu au zina vumbi jeupe. Pembeni kuna kitufe kidogo; ukikibonyeza, kifuniko cha mbele kinainuka, unautazama utepe wenyewe na kuunusa. Mkanda wenye ukungu unajitambulisha kwa harufu. Ukiupitisha hivyo hivyo, unachafua vichwa vya deki, na deki inaugawa ukungu kwa kila mkanda unaofuata. Tulikuwa na deki moja ya wagonjwa, nyingine ya wazima.

Boksi likiwa limevunjika au limekwama, nililifungua kwa bisibisi, skrubu tano, nikahamishia magurudumu yote mawili kwenye boksi lingine zima. Kisha mkanda unapelekwa mbele mpaka mwisho na kurudishwa mwanzo, ulegee, ndipo uchezwe. Vichwa vya deki vinafutwa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kazi hizo nilizipenda, kwa sababu matokeo yake unayaona papo hapo: picha iliyokuwa mvua tupu inatulia, sura ya mtu inatokea.

Kwenye meza hiyo ya bisibisi niligundua jambo lililonishangaza. Mikanda iliyokuja imeharibika kupita yote haikuwa ya nyumba zisizojali. Ilikuwa ya nyumba zilizoiheshimu sana, zilizoipanga kwenye kabati la kioo sebuleni, karibu na dirisha, jua la mchana likiipata na upepo wa chumvi ukiifikia, na watoto wakikatazwa kuigusa. Ile iliyokuwa ikitolewa kila sikukuu, ikachezwa, ikabishaniwa na kurudishwa kabatini katikati ya nguo, ilikuja na mikwaruzo lakini haina ukungu. Kilichotazamwa kilichoka, kilichoheshimiwa bila kuguswa kilioza.

Baada ya usafi ndipo inakuja kazi yenyewe, na hapo ndipo wateja walipokuwa wakinishangaa. Nyaya tatu, ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, zinatoka kwenye deki kwenda kwenye kadi ya kompyuta. Unabonyeza cheza upande mmoja, unabonyeza nasa upande wa pili, halafu unakaa. Ndani ya deki kuna ngoma ndogo yenye vichwa vya kusomea, inazunguka mara 1,500 kwa dakika, na utepe unapita mbele yake kwa mwendo uleule uliorekodiwa. Huwezi kuuharakisha na bado ukaipata picha. Faili la saa tatu unalinakili kwa dakika chache. Mkanda wa saa tatu unakula saa tatu kamili. Mteja anakuja asubuhi na mikanda kwenye mfuko wa rambo, anasema, “Dada, ngoja nipite sokoni, nikirudi nitaichukua.” Namwambia, “Mama, labda urudi keshokutwa.” Ananitazama kama mtu anayetaka kumpandishia bei.

Mwanzoni na mimi niliziona saa hizo kuwa adhabu. Baadaye ndizo zilizonifanya nijue nilichokuwa nakihamisha. Mtu akitazama mkanda wa harusi nyumbani, anausogeza mbele afike kwenye keki. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusogeza. Niliona dakika zote ambazo mpiga video alisahau kuzima kamera: wapishi uani wakigeuza pilau kwa pauro, kina mama wakipokezana watoto, mzee akitafuta viatu vyake mlangoni baada ya ndoa, fundi umeme akilaani taa. Niliona zawadi zikitangazwa moja moja, doti za khanga, seti za sufuria, noti za zamani zikibandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji wa taarabu. Na mara nyingi wateja walipokuja kujaribu diski pale pale dukani, kilichowatoa machozi hakikuwa bwana harusi wala bibi harusi. Ni mtu aliyepita nyuma na sinia.

Kwa sababu hiyo nilikuwa mgumu panapotakiwa kukata. Familia moja ilileta mkanda wa ndoa, na kijana mkubwa akatoa sharti: baba mdogo wao aondolewe kila anapotokea. Walikuwa wamegombana juu ya nyumba ya urithi. Ukataji si kazi ngumu. Unaweka alama mwanzo, unaweka alama mwisho, kipande kinaondoka. Lakini baba wa bibi harusi alikuwa ameshafariki wakati wa ndoa ile, na huyo baba mdogo ndiye aliyekuwa walii. Mkono ulioushika mkono wa bwana harusi wakati wa kuozesha ulikuwa wake. Ukimtoa yeye, unabaki na mkanda wa harusi usio na ndoa ndani yake. Mwenye studio hakumhubiria yule kijana. Alimwambia, “Tutakukatia, lakini kwa bei ileile utachukua diski mbili: moja ya hasira, moja nzima.” Akazichukua zote mbili. Tangu siku hiyo ikawa kanuni ya duka letu: kinachonaswa kinanaswa chote, makeke yanafanyika kwenye nakala. Ugomvi wa leo haujui kesho utamhitaji nani awe shahidi.

Kazi iliyonifunza zaidi ilikuja kwa sababu tu mimi ni mwanamke. Mama mmoja wa makamo aliingia, akampita mwenye studio bila kumtazama, akanijia. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza kwa sauti ya chini, “Wewe ndiye unayehamisha? Na nani mwingine anaona?” Mkanda wake ulikuwa wa siku ya hina na ngoma ya wanawake ya usiku, usiku wa kuamkia harusi ya bintiye. Vichwa viko wazi, wanawake wako huru, na aliyeshika kamera alikuwa mwanamke mwenzao. Kwa taratibu za pwani, hayo hayaonwi na mwanamume. Lakini mkanda ni lazima uchezwe, na ukichezwa ni lazima mtu autazame.

Tulikubaliana hivi: skrini igeuziwe ukutani, sauti iende kwenye spika za masikioni, mlango wa chumba cha nyuma ufungwe, na faili lifutwe mbele yake baada ya diski kuchomwa. Yeye mwenyewe alivuta kigoda akakaa ubavuni mwangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Na kwa kuwa alikuwa amekaa, akaanza kusema. Huyu ndiye somo wa bibi harusi. Huyu mwenye kijora cha kijani yuko Muscat sasa. Huyu Mungu amrehemu. Huyu alikuja bila kualikwa, lakini ngoma yote ilimtegemea yeye. Nikavuta karatasi ya risiti nikaanza kuandika: dakika, nguo, jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza kutoka dukani ikiwa na majina ya watu waliomo. Mikanda yote iliyotangulia ilikuwa imehama sura, ikaacha majina kwenye vichwa vya wazee.

Habari zilienea kwa kina mama, na mikanda ya aina hiyo ikawa inakuja kwangu kutoka Makorora mpaka Chumbageni. Nilijifunza pia jambo ambalo leo naliona limesahaulika. Wanawake wale walikubali kurekodiwa ili waonwe na waliokuwemo chumbani mle na watu wa aina yao. Ridhaa yao ilikuwa na mipaka ya kuta. Mkanda mmoja ndani ya kabati lenye ufunguo uliiheshimu mipaka hiyo bila mtu kuifikiria. Faili haliijui. Likishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, halina mwenyewe. Ndiyo maana anayeniletea mkanda wa ngoma leo namuuliza kwanza nani anastahili kuuona, kabla sijamuuliza anataka faili la aina gani.

Mwaka 2006 ulikuwa wa taabu. Mvua zilikosekana, mabwawa ya kuzalishia umeme yakashuka, nchi nzima ikaingia kwenye mgao. Umeme ukikatika katikati ya kunasa, faili linabaki bila mwisho na programu haitaki kulifungua. Tukajifunza kunasa usiku wa manane, na kunasa kwa vipande vya dakika ishirini ishirini, ili kinachopotea kiwe kidogo. Vipande vilitusaidia na ugonjwa mwingine: mkanda mchakavu unaruka picha, kompyuta inazidondosha, lakini sauti yenyewe haidondoki. Kadiri muda unavyokwenda vinapishana, na ukifika saa ya pili mwimbaji anafumba mdomo kabla hajamaliza ubeti. Dawa yake tuliyoipata ni kupitisha mawimbi ya deki kwenye kamera ya kidijitali, ambayo inavifunga picha na sauti pamoja kabla ya kuvikabidhi kwa kompyuta.

Kwenye suala hilo la sauti mwalimu wangu alikuwa mzee asiyeona. Mwanawe alikuwa ameagiza mkanda wa sherehe ya nyumbani kwao uhamishwe, na akataka tuweke nyimbo juu yake mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu sauti ya asili ilikuwa na kelele. Watu wengi walipenda hivyo. Siku ya kuchukua diski alikuja na baba yake, ameshikwa mkono na mjukuu. Tukawawekea wajaribu. Mzee alisikiliza kidogo, akainua uso.

“Binti, wimbo huu naujua, ninao nyumbani,” akasema. “Watu wangu mmewapeleka wapi?”

Nikamfungulia faili lililonaswa, lenye sauti yake. Kelele zilikuwepo kweli: jenereta, watoto, vyombo. Lakini ndani ya kelele hizo mzee alianza kuwatambua mmoja mmoja, kwa kikohozi, kwa kicheko, kwa namna ya kumwita mtu kutoka mbali. Mwanawe, aliyeiona picha ile miaka yote, hakuwa amejua kwamba nusu ya watu kwenye mkanda hawaonekani kabisa. Wako nyuma ya kamera, wanasikika tu. Aliondoka na diski yenye kelele zake zote. Nami nimekuwa nikiwaambia wanaotaka kusafisha sauti kwamba programu inayoondoa kelele haina namna ya kujua kelele ipi ni mtu.

Kulikuwa na mikanda iliyotoka Marekani, na hiyo ilikuwa na kizungumkuti chake. Huku tunatumia mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Wao NTSC, mistari 525 na picha zipatazo 30. Ndugu wa Oman wanatumia PAL kama sisi, kwa hiyo mikanda ya Muscat na Tanga ilisomana bila shida. Wa Chicago ukiuingiza kwenye deki ya kawaida ya hapa unapata picha nyeusi na nyeupe zinazopanda juu bila kusimama. Familia moja ilikuwa imeutunza mkanda wa namna hiyo kwa miaka mingi ikiamini umeharibika njiani. Tulipouweka kwenye deki inayosoma mifumo yote, ulikuwa mzima kabisa: mtoto wao amesimama kwenye theluji, anawasalimia wazazi wake kwa majina na kuwaombea uzima. Salamu zilikuwa zimefika siku nyingi, ila hazikuwa zimepokelewa.

Na kuna mikanda iliyofutwa. Nyuma ya kila boksi la VHS pana kipande kidogo cha plastiki. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu yake. Wapiga video wengi hawakukivunja na wenye mikanda hawakuambiwa. Mjane mmoja alileta mkanda wenye maandishi ya kalamu, harusi yetu, na tulipoucheza wakatokea Ufaransa na Brazili, fainali ya Kombe la Dunia ya 1998. Alisema kwa upole, “Huyo ni marehemu. Alipenda mpira.” Akataka kuchukua mkanda wake aende. Nikamwomba tuuache uende mpaka mwisho. Zidane alifunga kwa kichwa, akafunga tena, Petit akamalizia la tatu, kombe likainuliwa, picha ikachafuka kidogo, kisha ghafla ikatokea harusi. Mechi ilikuwa fupi kuliko mkanda. Ilibaki sehemu ya mwisho: wageni wanaaga, viti vinapangwa, na maharusi wamekaa wamechoka wanakula kwenye sahani moja. Angekuwa mtu wa kusogeza mbele, angekata tamaa kwenye kipindi cha kwanza. Alichukua vyote, fainali na harusi, kwenye diski moja, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vya mumewe.

Kuhusu hizo diski, ndipo ahadi yetu ya kibiashara ilipokuwa na kasoro ambayo wakati ule karibu kila duka lililofanya kazi hii lilikuwa nayo. Watu waliambiwa DVD haifi. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, zinazotosha saa mbili kwa ubora wa haki. Mteja mwenye mkanda wa saa tatu hataki diski mbili, anataka moja, na ukimbania humo picha inavunjika vigae vigae hasa mahali palipochangamka, kwenye magauni ya kumetameta na kwenye ngoma. Tena diski ya kuchoma nyumbani si sawa na ya filamu inayogongwa kiwandani. Data yake imeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo haipendi joto wala jua. Diski za bei ya chini zilizouzwa kwa mafungu, zikabandikwa lebo za karatasi juu, zilikuwa za kwanza kuaga.

Kwa kuamini kwamba DVD haifi, watu waliiacha mikanda yao dukani. Waliona haina kazi tena. Ilirundikana stoo mpaka darini, na studio ilipokuja kufungwa, mingine ilichukuliwa na watu wa mashamba ya mpunga huko Mombo. Utepe wa video ukifungwa kwenye miti na kuvutwa juu ya mpunga, unapigwa na upepo, unametameta na kuvuma, na ndege wanaogopa. Mkulima hana lawama. Aliokoa mavuno yake kwa kitu kilichotupwa. Lakini wapo wanaonipigia simu sasa wakiulizia mikanda hiyohiyo, kwa sababu diski zao zimekufa.

Na muda hauko upande wetu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016 baada ya vipuri kuadimika. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba kufikia takriban 2025 uchezaji wa mikanda ya sumaku utakuwa mgumu mno kwa kukosa mashine, vipuri na mafundi. Miaka hiyo tumeshaifikia. Deki nzima zilizobaki Tanga nyingi ziko kwa mafundi wa redio wanaozibomoa kupata mota.

Basi wanaoniuliza nawaambia hivi. Tafuteni deki kwanza, kompyuta itafuata. Kifaa cha kunasia cha yusbi kinapatikana kwa urahisi kuliko deki. Aliye na DVD inayofunguka bado, anakili mafaili yaliyomo kama yalivyo, leo, kwenye diski ngumu, bila kuyabadilisha. Aliye na mkanda anase wote, na sauti yake, na kelele zake. Nakala ziwe zaidi ya moja na zikae nyumba tofauti, moja Tanga, nyingine kwa ndugu Dar au Mombasa, na kila baada ya miaka michache mtu azifungue, kwa sababu zitahitaji kuhamishwa tena, na tena. Mkanda wenyewe usitupwe.

Ila sehemu ngumu ya kazi haiuzwi dukani. Tulipoucheza mkanda wa harusi ya dada, niliwaita shangazi na mama wakubwa, tukautazama mkanda wote bila kusogeza, na mtoto mmoja wa ukoo akashika daftari. Yako majina ambayo wawili kati yao waliyabishania na wa tatu akayaamua. Ziko sura ambazo hakuna aliyezijua tena, na hizo zimeandikwa hivyo: hajulikani. Kijana amekata dakika chache za ukumbini, na zitapendeza. Lakini mali aliyoirithi iko kwenye lile daftari, na lisingeandikwa miaka kumi ijayo kwa teknolojia yoyote, kwa kuwa wa kuandikisha wasingekuwepo. Deki inaweza kutengenezwa na fundi mwenye subira. Shangazi wa miaka themanini hana vipuri. Mwenye mkanda na aanze na shangazi.